Mwendo wa Bashraf

Katika tarabu zetu hakuna kinachopigwa kwa uangalifu mkubwa na kusikilizwa kwa uchache kama bashraf. Wapigaji wamekwisha kulinganisha ala zao, fidla zimekubaliana na kanuni, mkubwa wa kundi ameinua kichwa, na bashraf inaanza. Huku chini watu wanatafuta viti, wanasalimiana, wanaulizana habari za wagonjwa. Kina mama wanatayarisha pesa za kutunza. Ni pale muimbaji atakapopanda ndipo ukumbi utakapotulia. Nimepata kumsikia mtu mzima, tena msomi, akimweleza mgeni wake kwamba hiyo ni ya kupashia moto ala tu, kama dereva anavyoliwasha gari kabla abiria hawajaingia.

Nataka kuitetea bashraf katika kurasa hizi, na njia nitakayoifuata ni ya kuichunguza, maana sifa tupu hazijamfanya mtu yeyote asikilize. Ninalodai ni jambo moja. Hali ya moyo inayoletwa na kipande kifupi cha ala tupu, kisicho na shairi wala muimbaji, inakaa katika mwendo wake zaidi kuliko katika sauti zake. Wengi husema kinyume cha hivyo. Husema maqam ndiyo inayohuzunisha au kufurahisha, na mwendo ni jambo la mpiga dumbak kuamua usiku huo huo. Mimi nasema maqam ni kweli inayo tabia yake, lakini inahitaji muda wa kuionyesha, na anayeinyima muda amekwisha kuibadili ingawa hakugusa hata sauti moja.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Neno bashraf limetujia kwa Waarabu, nao wamelipata kwa Waturuki wanaosema peşrev, na Waturuki nao wamelitoa katika Kiajemi, ambako maana yake ni kinachokwenda mbele, yaani kitangulizi. Inasimuliwa kwetu kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni, na kutokana na hapo muziki wa ala wa namna ya Misri ukapata makao katika kasri. Mwaka 1905 wakajikusanya vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, kundi ambalo umri wake sasa umepita miaka 100, na bashraf ikawa ndiyo mlango wa kila tarabu yao. Culture Musical Club nao wameishika hivyo hivyo, hata wana sahani nzima ya bashraf tupu, haina muimbaji mwanzo mpaka mwisho. Sisi wa Pemba tumezipata zaidi kwa redio, na kwa makundi yanayovuka bahari msimu wa harusi.

Ipo na ndugu yake iitwayo samai. Wataalamu huzitenganisha kwa mapigo ya ngoma, lakini mtaani kwetu wengi huziita zote bashraf, na hapa nami nitazichukua pamoja. Zote mbili zina umbo moja. Kuna khana nne, na baada ya kila khana hurudiwa taslim. Khana ni neno la Kiajemi tena, na maana yake ni nyumba au chumba. Kwa hiyo msomaji na aifikirie nyumba yenye vyumba vinne vinavyofungukia ua mmoja. Unaingia chumba cha kwanza, unatoka unarudi uani. Unaingia cha pili, unakuta mapambo mengine, pengine hata harufu nyingine, maana mtungaji huku amekwenda kutembelea maqam ya jirani. Kisha unatoka, na ua ni ule ule. Cha tatu aghalabu huwa juu zaidi, sauti zinapanda, fidla zinabana. Na ua tena. Cha nne nitakieleza baadaye, maana ndicho chenye siri ya mambo haya yote.

Wazungu nao wana namna inayokaribia hiyo, ambapo mtungaji huchukua sauti moja ya msingi kisha akaivisha nguo mbalimbali, mara ya harusi, mara ya msiba, mara ya kitoto. Kila nguo ni kipande kifupi kinachoweza kusimama peke yake. Nitakuja kwenye mfano mmoja wa namna hiyo, kwa sababu unatufundisha kitu ambacho bashraf peke yake haiwezi kutufundisha.

Sasa maqam. Aliyesoma ualimu zamani anazijua Do, Re, Mi kwa sababu alilazimishwa kuziimba. Rast huanzia Do. Hatua yake ya tatu haipo kwenye Mi ya piano, wala haipo kwenye Mi iliyoteremshwa. Ipo katikati ya hizo mbili, mahali ambapo piano haina kidude cha kubonyeza. Ya saba nayo ni hivyo hivyo. Bayati huanzia Re, na hatua yake ya pili ndiyo hiyo hiyo Mi ya katikati. Hijaz nayo huanzia Re, lakini baina ya hatua yake ya pili na ya tatu pana mruko mpana ambao hata asiyejua jina lake huutambua mara moja.

Watu wa Pemba wanazijua sauti hizi kuliko wanavyodhani. Msikilize msomaji wa Kurani wa mtindo wa Misri: mara nyingi huanza kwa Bayati, taratibu, chini, na baada ya kuzunguka kwingine kote hurudi kumaliza kwa Bayati. Kisomo si muziki, na nisieleweke kuwa nasema hivyo. Mashekhe wetu wameliweka wazi jambo hilo na mimi sina la kuongeza. Nasema tu kwamba sikio la mtoto aliyekulia karibu na msikiti limekwisha kufunzwa Mi ya katikati kabla hajaona udi kwa macho yake. Bashraf ya Bayati inapoanza, mtoto huyo hasikii kitu kigeni. Anasikia utulivu wa mtu anayejitayarisha kusema jambo zito.

Hapa ndipo akodiani inapoingia na kuharibu. Naipenda akodiani, siwezi kuifikiria tarabu ya Unguja bila ya pumzi yake. Lakini ni ala ya Ulaya na sauti zake zimefungwa kiwandani. Wamisri waliokuwa na mafundi walizifungua na kuzichonga upya ili zitoe sauti za katikati. Kwetu wengi walizipiga kama zilivyokuja. Basi Rast ikipigwa kwa akodiani ya kawaida, ile hatua ya tatu inapanda kidogo ikawa Mi kamili, na Rast inakuwa wimbo wa gwaride la skuli. Bayati inateremka kidogo, inakuwa Kurd, ambayo nayo ni maqam halali lakini ina unyonge wa namna nyingine. Hijaz peke yake, kwa kuwa mruko wake hauhitaji sauti ya katikati, inapita salama, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kuonekana kipenzi kwa makundi yetu. Kinanda cha umeme kimemaliza kazi iliyoanzwa na akodiani. Mjadala huu si wa kwetu tu: katika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932 mabwana wakubwa walibishana sana juu ya piano, kama ikaribishwe au ifungiwe mlango.

Msomaji atasema: basi umejijibu mwenyewe; sauti zimebadilika, hali imebadilika, mwendo unahusika nini? Ungoje. Nimesikia kundi likipiga bashraf ya Rast, akodiani mbili mbele, hatua ya tatu imepanda wazi kabisa, na bado roho yangu ikatulia kama inavyotakiwa kutulia kwa Rast. Na nimesikia vijana wenye udi na fidla, ala zinazoweza kuipata Mi ya katikati bila tabu, wameipata barabara, lakini sikusikia Rast. Nilisikia haraka. Kosa la sauti sikio hulisamehe, hata hulirekebisha lenyewe kimoyomoyo. Kosa la mwendo halisameheki, kwa sababu sikio haliwezi kumrudisha nyuma mpigaji aliyekwisha kupita.

Tutazame samai kwa karibu, maana huko jambo hili linahesabika kwa vidole. Samai nzito ina mapigo kumi katika mzunguko mmoja. Dumbak hupiga dum kwenye pigo la kwanza, tak kwenye la nne, dum kwenye la sita na la saba, na tak kwenye la nane. Jumla mapigo matano. La pili, la tatu, la tano, la tisa na la kumi ni matupu. Yaani nusu ya mzunguko ni kimya. Rika inaweza kunong'ona hapo, na mpigaji hodari atatia vipambo vyake, lakini mifupa ya samai ni hiyo: tano za kugonga na tano za kungoja.

Sasa chukua saa yako. Ikiwa kila pigo linakwenda kwa kasi ya 100 kwa dakika, mzunguko wa kumi unachukua sekunde 6. Hiyo ni pumzi moja ndefu ya mtu aliyekaa kitako. Mpiga nai anaweza kuumaliza mzunguko kwa pumzi hiyo bila ya kukaukiwa, na msikilizaji naye, bila kujijua, anapumua pamoja naye. Pandisha kasi hadi 150. Mzunguko ni sekunde 4. Hakuna sauti iliyoondolewa wala iliyoongezwa. Lakini yale mapigo mawili ya mwisho, la tisa na la kumi, ambayo ndiyo kizingiti cha kupumzikia kabla ya dum mpya, yamekuwa mwanya mwembamba tu. Kimya hakisikiki tena kama kimya. Kinasikika kama mpiga ngoma aliyechelewa kidogo. Na vipambo vya kanuni, ile mitetemo inayozunguka sauti moja mpaka ikaiva, havina pa kukaa, kwa hiyo mpiga kanuni anavikata. Anabaki na noti zilizoandikwa.

Iko samai ya Bayati ya Ibrahim al-Aryan, mpiga kanuni wa Misri, ambayo karibu kila mwanafunzi wa udi katika nchi za Kiarabu hupitishwa humo. Ni kipande kifupi, cha dakika chache, na kwa kuwa ni cha kufundishia watu hudhani ni chepesi. Jaribuni kuisikiliza kwa mwanafunzi na kwa mwalimu. Noti ni zile zile. Mwanafunzi hukimbilia taslim kwa sababu anaijua na watu wataipenda. Mwalimu huingia taslim kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yenye mtoto aliyelala. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanzishwa mjini Unguja mwaka 2002 kimefanya kazi kubwa ya kuwapatia vijana udi na kanuni na maandishi ya noti. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini noti hazina namna ya kuandika kungoja.

Na hapa nitavuka bahari kwenda Uingereza, kwa sababu naogopa msomaji amekwisha kunielewa vibaya na kudhani nasema kwamba kila taratibu ni bora. Sivyo.

Mwaka 1899 mtungaji wao Edward Elgar alitoa kazi ya okestra yenye sauti moja ya msingi na vipande kumi na vinne vifupi vinavyoigeuza sauti hiyo, kila kimoja picha ya mtu anayemjua. Kazi hiyo huitwa Enigma Variations. Kipande cha tisa kinaitwa Nimrod. Kwetu jina hilo ni la Namrudh, yule jeuri aliyemtia Nabii Ibrahim katika moto, na Mwislamu akilisoma katika orodha ya muziki lazima ashtuke. Katika Biblia, hata hivyo, Nimrod ni muwindaji hodari, na rafiki aliyekusudiwa alikuwa August Jaeger, Mjerumani aliyefanya kazi katika kampuni ya kuchapisha muziki jijini London. Jina lake kwa lugha yao maana yake ni muwindaji. Ni mzaha wa marafiki wawili. Elgar alieleza kwamba kipande hicho ni kumbukumbu ya mazungumzo yao ya jioni moja ndefu, ambapo Jaeger alimzungumzia uzuri wa vipande vya taratibu vya Beethoven.

Angalia alivyokiingiza. Kipande kinachotangulia kinaishia, fidla za kwanza zinabaki zimeshika sauti moja tu, Sol, peke yake, kama uzi. Kisha okestra inaingia chini yake kwa upole mno katika ufunguo mwingine, ule wa Mi iliyoteremshwa, wa upande ambao Wazungu huuhesabu kuwa wa uchangamfu. Na ile Sol, bila ya kusogea hata unywele, imekwisha kuwa kitu kingine kwa sababu sakafu iliyo chini yake imebadilishwa. Wapenzi wa tarabu wataujua ufundi huo. Ndio ule ule wa mpiga udi anayeishika sauti moja katika taksim mpaka tukaisahau Hijaz, kisha akaiacha iangukie Rast. Baada ya hapo sauti inapanda, hatua kwa hatua, ala moja moja zinajiunga, mpaka okestra nzima inasimama. Na papo hapo inanyamaza, inamalizia kwa kunong'ona.

Alama yake ni adagio, taratibu. Lakini taratibu kiasi gani? Kwanza Elgar aliiandikia mapigo 66 kwa dakika, kisha akaishusha hadi 52. Aliporekodi mwenyewe mwaka 1926 ilichukua karibu dakika 3 tu. Mwaka 1982 Leonard Bernstein wa Marekani aliipiga London na okestra ya BBC, akaivuta mpaka ikapita dakika 5. Baina ya mtungaji na Bernstein kuna karibu mara mbili ya muda, kwa noti zile zile, katika ufunguo ule ule.

Sababu ya kuvutwa si siri. Kila Novemba Waingereza wanapowakumbuka askari wao waliokufa vitani, Nimrod hupigwa mbele ya mnara wao pale London. Hupigwa pia katika maziko. Kidogo kidogo kipande cha marafiki wawili wanaozungumza jioni kimekuwa cha jeneza linalopita. Jaeger alikuwa hai kilipotungwa. Alifariki 1909, miaka kumi baadaye. Ukikisikiliza kwa mwendo wa Elgar mwenyewe, unasikia watu wawili wanatembea. Wanatembea polepole, ndiyo, kwa sababu wana la kusema, na mmoja akiwa ameshikwa na huzuni mwenzake anamwinua, lakini wanatembea. Ukikisikiliza kwa mwendo wa dakika 5, hakuna anayetembea. Watu wamesimama wamevua kofia. Ni kizuri, sikatai. Nimekisikia kwa redio nikanyamaza nami. Ila ni kizuri cha namna nyingine, na mtungaji hakutuachia hicho. Msemo mrefu wa muziki, uliokusudiwa kuchukuliwa kwa pumzi moja, umekatwa vipande. Kila sauti imekuwa nzito kiasi kwamba sikio linasahau ilikotoka kabla halijajua inakokwenda.

Hapo ndipo panapoonekana kwamba ufunguo hauwezi kulinda hali ya kipande. Mi iliyoteremshwa, ufunguo wa uchangamfu, umezikiwa watu kwa miaka mingi bila ya yeyote kuona ajabu. Mwendo ndio uliouvisha kaniki.

Sisi tumekosea upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipoanza tarabu ya kisasa, ile ya kina East African Melody na wenzao waliofuata, kinanda cha umeme na ngoma za mashine vikaingia, watu wakaondoka vitini wakaanza kucheza, na bashraf ikakosa kazi. Sina ugomvi na rusha roho. Ina mashairi makali na ina watu wake, na mwenye kutaka kucheza harusini acheze. Ila makundi ya zamani, yaliyobaki na bashraf, yakaanza kuona haya. Yakaikata khana. Nyumba ya vyumba vinne ikawa ya viwili. Na iliyobaki ikaharakishwa, kwa woga kwamba wasikilizaji wataondoka. Sasa wanaokaa hawana cha kukalia.

Wapo wanaosema vijana hawana subira. Vijana hao hao hukaa juani dakika 45 za mwanzo na 45 za mwisho kutazama timu mbili ambazo hazikufungana. Bashraf nzima, vyumba vyote vinne na ua mara nne, haifiki hata robo ya muda wa mapumziko na mchezo ukijumlishwa. Tatizo si urefu. Ukikiharakisha kitu kwa kuogopa kwamba kinachosha, umemtangazia msikilizaji kuwa kinachosha, naye atakuamini.

Mwendo unaofaa utajulikanaje basi, ikiwa haraka ni kosa na kuvuta ni kosa? Mimi natumia vipimo viwili, vyote vya kienyeji. Cha kwanza ni pumzi: msemo mmoja wa khana uwe ni kitu ambacho mtu anaweza kukivumisha kwa mdomo uliofungwa bila kupumua katikati. Akiweza kuvumisha miwili, ni haraka. Asipoweza kuumaliza mmoja, tumekwenda kwa Bernstein. Cha pili ni kile chumba cha nne nilichokiahidi.

Katika samai, khana ya nne huacha mapigo kumi. Huingia mapigo ya haraka, matatu au sita, mepesi, karibu ya kuchezeka. Baada ya vyumba vitatu vya uzito, ghafla madirisha yanafunguliwa, watoto wanakimbia. Halafu, bila ya onyo, taslim inarudi na mapigo yake kumi na vimya vyake vitano, na ua ule tuliouzoea mara tatu unaonekana mara ya nne kama hatujapata kuuona. Hapana noti iliyobadilishwa. Ni sisi tuliotoka kukimbia. Mtungaji alijenga nyumba nzima kwa ajili ya kurudi huko kwa mwisho. Lakini vyumba vitatu vya mwanzo vikipigwa mbio, cha nne hakina pa kukimbilia zaidi. Kinafanana na vitatu vilivyotangulia, na taslim ya mwisho inakuja kama ile ya kwanza, watu wakapiga makofi kwa kuwa imekwisha.

Mara ya mwisho nilipoisikia ikipigwa inavyopaswa ilikuwa hapa Chake, katika shughuli ya harusi, kwa wazee wanne na vijana watatu ambao wengi wao hawakujuana kabla ya wiki ile. Kundi halikuwa na jina. Fidla mbili, udi, kanuni yenye nyuzi chache zilizokatika, akodiani, dumbak na rika. Kanuni haikuwa safi, na akodiani ilivuja upepo. Lakini mzee wa dumbak aliuzuia mwendo tangu pigo la kwanza, na kila vijana walipotaka kuchomoka alipiga dum yake kidogo nyuma yao, kama mtu anayemshika mtoto mkono barabarani, wakarudi. Khana ya nne ikaruka, watu wakaanza kutikisa mabega. Kisha akaunyanyua mkono, akauacha juu kidogo kuliko inavyotarajiwa, na akaishusha taslim.

Nyuma ya turubai palikuwa na muuza kahawa aliyekuwa akigonganisha vikombe vyake tangu mwanzo. Aliacha kugonga. Alivishika vikombe mkononi mizunguko yote ya taslim, mpaka dum ya mwisho, na hapo muimbaji akapanda, na yeye akaendelea na biashara yake.